Ndama wa Khunoana

Ha Ramokotjo, Mokhotlong
9 Februari 1987

Seabata, mjukuu wangu,

Umekufa? Kama umekufa usijihangaishe kujibu. Kama hujafa, aibu yako. Wiki ya nne hii tangu upande basi kurudi huko Zambia kwenye shule yako ya misheni, na mimi nimekaa hapa kama gunia la viazi nangoja karatasi. Miaka sita hukukanyaga hapa. Umekuja Krismasi, umekula kondoo wangu, umekoroma, umeondoka. Huko ndiko kuja? Jirani yangu Mama Limpho ndiye ananiandikia, maana mimi shule niliiona kwa nje tu nikipita na mbuzi. Anasema barua huanza na "natumaini u mzima". Mimi situmaini, nauliza. U mzima? Unakula? Lile blanketi nililokupa unalivaa?

Sisi wazima. Mtama umesimama vizuri. Goti langu la kushoto limerudia ukorofi wake. Baba yako mdogo Lekhotla amenunua farasi wa jicho moja, na kila tukicheka anasema hilo jicho moja linaona mbali.

Sasa nisikilize. Asubuhi ile ulipoondoka nilichukua ndoo nikaenda kumkamua Khunoana. Nikavuta chuchu, hakuna kitu. Nikavuta nyingine, hewa. Nikageuka, nani namwona? Ndama! Kalala zizini kwa mama yake, tumbo kama ngoma, povu mdomoni, ananitazama kama mtu aliyetoka harusini. Na jioni nilimfungia kwenye zizi lake dogo kwa mikono yangu hii.

Nikakaa juu ya jiwe nikacheka mpaka kilemba kikaanguka kwenye mavi ya ng'ombe. Wewe! Mtu wa miaka thelathini na minane, mwalimu, mwenye tai! Babu yako naye mdomo ulikuwa mzito hivyohivyo. Alipotaka mke aliamka alfajiri akamwachia ndama anyonye maziwa yote. Nyumba nzima ikanywa chai ya rangi, mama yake akaweka kikombe chini akasema, "Haya, kijana wetu anataka mke." Ndipo wakaja kwetu kuniomba. Nilidhani ninyi watu wa vitabu mmeyatupa mambo haya. Nimefurahi mpaka nimemsamehe ndama.

Kwa hiyo ombi lako limefika na linafanyiwa kazi. Lekhotla ameitwa. Ng'ombe wa mahari wameangaliwa miguu na meno. Na mke amepatikana. Jina silitaji bado, si adabu. Nasema tu kwamba hakai mbali, ni mlango wa pili kutoka kwangu, anashona sare za shule, na hajawahi kunipita njiani bila kunisalimu. Mama Limpho anatikisa kichwa hapa kuonyesha kwamba ni kweli.

Ni mimi bibi yako.

Mimi mwandishi naongeza kwamba Limpho anajua pia kuoka mikate.


Misheni ya Lukweta, karibu na Mongu
8 Machi 1987

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo. Sijafa. Barua yako imenifikia jana, imelowa pembe moja kwa sababu mvua haijatuachia. Goti linaendeleaje? Mpe pole baba mdogo kwa farasi.

Nimefika, ila kurudi ni kazi kuliko kuja mara ya kwanza. Nilipokuwa huko nyumbani, mwalimu mkuu, Mzee Mubita, aliona chumba changu kiko tupu akafugia kuku. Wote wamehama isipokuwa mmoja mwekundu. Huyo amekataa, anatagia kwenye mto wangu, na nikimsogeza ananidonoa. Mwalimu Inonge, anayefundisha darasa la sita, amenitengenezea kitanda cha pili ili tusigombane.

Mambo mengine yalikuwa yamenitoka kichwani. Huku mtu mzima humsalimu kwa kuchutama na kupiga makofi taratibu. Mimi siku ya kwanza nikamnyooshea mkono mzee wa kanisa, akautazama kama mtu aliyeonyeshwa samaki wa juzi. Mwalimu Inonge akanivuta shati kwa nyuma nikachutama, suruali ikapasuka. Tumbo nalo lilisahau samaki, likanisumbua mpaka Mwalimu Inonge akaniletea maziwa ya mgando. Sijawahi kunywa maziwa ya mgando kama yale.

Blanketi nalivaa. Joto la huku unalijua kwa kusimuliwa tu, Bibi. Nikiingia nalo darasani watoto wanauliza kama nina homa.

Kuna jambo limetushangaza hapa. Ng'ombe wa misheni wameanza kukosa maziwa asubuhi. Mzee Mubita anasema ni nyoka, anakuja kunyonya. Amewahutubia wanafunzi wote kuhusu nyoka huyo na sasa anatembea na fimbo.

Kuhusu ndama wa Khunoana, nadhani waya wa zizi umechakaa. Msiharakishe lolote kwa ajili ya waya. Najua Mama Limpho ndiye anayekusomea hii, kwa hiyo namsalimu kwa heshima zote, na nampongeza Limpho kwa mikate.

Mjukuu wako,
Seabata


Ha Ramokotjo
14 Aprili 1987

Seabata,

Marahaba. Mwezi mzima barua inatembea! Nimeuliza pale dukani inapoteremshwa, wakasema mafuriko huko kwenu. Sawa, mafuriko. Lakini wewe nawe ungeandika mbili, moja izame, moja ifike.

Waya umechakaa? Waya ule niliununua mimi, mpya, na nikaukaza kwa koleo mpaka ukalia. Ndama ana kwato, hana vidole. Aliyefungua alikuwa na vidole, na asubuhi ile vidole nyumbani vilikuwa vyangu na vyako. Vyangu nilikuwa nimevilalia.

Najua unaona haya. Usione. Umri huo si kitu, Lekhotla alioa akiwa na mvi kifuani. Wiki iliyopita watu wa mlango wa pili walikaa hapa na wazee wa ukoo wetu, wakala, wakaondoka wameshiba wakisema mazungumzo yamekwenda vizuri. Mtama ukishavunwa ng'ombe watatoka. Safari yao si ndefu, wakinyoosha shingo wamefika. Mama Limpho ameshona gauni la buluu la siku hiyo, amelivaa sasa hivi akiandika, na linambana kwapani.

Namsalimu Bwana Inonge. Inaonekana ni fundi hodari wa vitanda, na mwenye moyo, maana si kila mwanamume atamletea mwenzake maziwa. Mwambie bibi yako anamshukuru. Huyo kuku mwekundu mchinje, usimwachie nyumba.

Nyoka hanyonyi ng'ombe. Mwambie Mzee Mubita aiweke fimbo chini kabla hajampiga mtu. Nashangaa tu kwamba maziwa yalipotea kwangu ulipokuwepo, na sasa yanapotea huko ulipo. Nashangaa, basi. Sisemi kitu.

Bibi yako.

Mimi mwandishi naongeza kwamba gauni halibani, ni mshono mpya.


Misheni ya Lukweta
18 Mei 1987

Bibi mpendwa,

Shikamoo. Samahani kwa ukimya. Maji yalipanda mpaka kwenye ubao wa darasa la kwanza, tukahamisha shule nzima kwenda mwinuko, madawati yote kwa mtumbwi. Zamani nilikuwa nimezoea mtumbwi. Safari hii nilisimama kuwaongoza watoto kuimba, na kwenye ubeti wa pili nikaenda majini na kengele ya shule mkononi. Blanketi likavimba maji likaanza kunivuta chini kama lina deni na mimi. Mwalimu Inonge akanishika ukosi akanipandisha na kengele yangu. Watoto walimaliza wimbo bila mimi, na waliuimba vizuri zaidi.

Blanketi likafuliwa. Liko kwa Mwalimu Inonge mpaka sasa, kwa usalama.

Bibi, nimewafikiria sana wale ng'ombe. Baridi ya Juni ya kwetu unaijua. Kumtoa ng'ombe kwenye zizi lake baridi ile, hata kwa mwendo mfupi, si vizuri kwa kifua. Naomba wapumzike mwaka huu. Hata mwaka ujao si mbaya. Nimesoma mahali kwamba ng'ombe akihamishwa husononeka.

Kila mtu ni mzima hapa. Kuku mwekundu ametotoa. Maziwa yalipotea tena tulipohamia mwinuko, ila Mwalimu Inonge amechoka na habari za nyoka, akatwaa nyundo akaweka komeo la chuma kwenye zizi la ndama. Ni komeo kubwa sana. Tangu hapo maziwa yapo na shule nzima inafurahi.

Sina la ziada.

Seabata


Zahanati ya Mission Hill, Mokhotlong
6 Julai 1987

Wewe Seabata!

Marahaba ya haraka. Leo siandikiwi na Mama Limpho. Nimekuja zahanati juu ya farasi wa jicho moja, katikati ya theluji, nimewaambia nyumbani ni goti. Goti ni zima. Anayeandika ni nesi, msichana mwenye adabu na mdomo uliofungwa, na nimempa jibini. Sasa tuseme.

"Nimesoma mahali kwamba ng'ombe husononeka"! Mama Limpho aliposoma pale nilikohoa ili nisicheke, akanipiga mgongoni mpaka nikaona nyota. Mjukuu wangu, hujui kudanganya, na babu yako naye hakujua. Unadhani nilimwita "Bwana" Inonge kwa ujinga? Mama wa bibi harusi ameshika kalamu, wewe unamwaga sifa za mwalimu mwingine kila mstari, ningefanyaje? Hakuna mwanamume duniani aliyesifia maziwa ya mgando ya mwanamume mwenzake kwa sauti ile. Katika barua zako Inonge yumo kuliko Yesu, na wewe ni mmisionari!

Kosa ni lako lote. Babu yako alimwachia ndama, kisha akasimama langoni, kaegemea mti wa lango, akangoja aulizwe, "Nani?" Wewe umemwachia ndama ukapanda basi! Umetuachia ombi lisilo na jina. Sasa sisi wazee tumekaa na ombi lisilo na jina na mlango wa pili kuna msichana mzuri, unadhani tutafanya nini? Tungoje malaika?

Na mimi nilimtaka Limpho kwa sababu ya huo mlango. Nilijua ukioa huko, huko ndiko utakuwa. Ukioa hapa, nitakuwa nasikia mnavyogombana kupitia ukuta na nitalala vizuri. Basi, nimesema, nesi ameandika, tuendelee.

Mambo yako hivi. Ng'ombe walikuwa watoke wiki ya mavuno. Nikaugua. Lekhotla akija kuuliza siku, naanguka kitandani. Akiondoka, naamka naenda kwa mbuzi wangu. Nimechoka kuugua, Seabata! Nimelala na viatu mara nyingi mno. Jumapili hii mchungaji alikuja kuniombea, akaomba vizuri mpaka nikaogopa kwamba nakufa kweli. Sasa theluji imefunga njia na nimepumua, lakini ikiyeyuka ng'ombe wanatoka, na ng'ombe wakishaingia zizi la watu hakuna wa kuwarudisha. Utakuwa umeoa, uwe umekaa huko au umesimama.

Limpho naye alikuja kwangu kwa siri, akalia, akanisaidia kumenya maboga. Hakutaki. Usijisikie vibaya, hata sura yako haikumbuki vizuri, alisema, "Si yule mwenye tai?" Ana wake, Thabang, anayekata manyoya ya kondoo pale kwenye banda la sufu. Thabang naye amemwachia ndama wa mama yake mara nyingi mpaka mama yake amemuuza yule ndama kwa utundu. Nchi hii imejaa wanaume wasio na midomo!

Nataka jina. Jina moja, la mtu mmoja, limeandikwa na wewe. Tuma hapa zahanati, si nyumbani. Nitaugua mpaka lifike.

Bibi yako


Misheni ya Lukweta
10 Agosti 1987

Bibi,

Shikamoo. Inonge Sitali. Ni mwanamke.

Ndiyo, nilifungua waya. Nilitumia koleo lako. Nilikusudia kusimama langoni kama babu, nikasimama, kisha nikasikia unakohoa ndani, miguu ikanipeleka stendi yenyewe. Nilikaa dirishani nikitazama barabara. Nilidhani utakuja mbio na ndoo yako tupu uulize, "Nani?" mbele ya abiria wote, nami ningejibu kwa sababu nisingekuwa na pa kukimbilia. Dereva akawasha gari.

Kuna baya zaidi, na umeshalihisi. Yeye mwenyewe sijamwambia. Nikimkaribia, mdomo wangu unaanza kuzungumzia chaki. Nimeshamweleza habari za chaki kiasi kwamba anajua inakotoka. Nikaona nijaribu kwa njia yetu huku huku. Nikaamka alfajiri, nikamwachia ndama wa misheni. Shule nzima ikanywa chai ya rangi. Nikasimama kwenye mstari wa asubuhi, kifua mbele, nikingoja mtu mmoja tu aseme, "Haya, Mwalimu Seabata anataka mke." Mzee Mubita akasema, "Nyoka." Nikarudia siku nyingine, akanunua fimbo. Nikarudia tukiwa mwinuko, na Inonge akaja na nyundo yake akalikaza lile komeo huku akiniomba nimshikie misumari. Nilimshikia, Bibi. Ningefanya nini?

Tangu hapo nimeacha. Komeo lile silifungui bila kuamsha kijiji.

Hataki pengine. Au anataka, sijui. Najua tu kwamba nikitoka darasani natazama kwanza dirisha lake, na kwamba kitanda alichonitengenezea hakilii hata kidogo. Usiwatoe ng'ombe.

Seabata


Ha Ramokotjo
20 Septemba 1987

Seabata wangu,

Marahaba, marahaba. Nimepona! Nesi aliponiletea jina nikaruka kitandani mbele ya Lekhotla, viatu miguuni. Akadhani nimefufuka, akakaa chini.

Mwandishi wangu leo ni Mama Limpho tena. Usishtuke. Anajua yote, nilimwambia mwenyewe uso kwa uso. Alininunia kwa muda, akipita anasalimia mbuzi wangu bila kunisalimia mimi. Kisha nikatembea mpaka kwa mama yake Thabang nikamwambia, "Mama, yule ndama uliyemuuza hakuwa mtundu. Mwanao anataka mke, na mke ni Limpho." Akajishika kichwa. Ng'ombe wao wametoka juzi wakaingia kwa Mama Limpho, wanono kuliko wangu, na gauni la buluu limevaliwa. Anasema niandike kwamba halikubana. Haya, limeandikwa.

Sasa la kwako. Siku ile zahanati nesi aliandika barua mbili. Ya pili ilikwenda kwa Inonge Sitali, kwa mkono wa mkaguzi wa misheni aliyekuwa akija huko. Usinipigie kelele. Sikumwambia unamtaka, hilo ni la kwako kusema. Nilimweleza tu babu yako alinioa vipi.

Amejibu. Nesi alinisomea, lugha yao naielewa, ni kama yetu iliyokaa sana majini. Anasema muda mrefu alikuwa anaona nyayo za viatu vya kanisani kwenye tope la zizi, na mwenye viatu vya kanisani alfajiri pale misheni ni mmoja. Alidhani unaiba maziwa ya kumpa yule kuku! Ndiyo maana akaweka komeo. Hata misumari alikupa uishike ili aone kama utatubu. Barua yangu ilipofika akaisoma akiwa amesimama uani, akacheka mpaka Mzee Mubita akatoka na fimbo.

Basi sikia alichofanya. Komeo ameling'oa. Tangu barua yangu ifike zizi la ndama limefungwa kwa kipande cha uzi, na kila alfajiri yeye anakaa pale na kigoda chake, amejifunga lile blanketi lako, anangoja aone nani atakuja. Na nani anakuja? Hakuna mtu! Umejilalia na kuku! Ameniuliza kama mjukuu wangu ameghairi. Nimejibu kwamba hajaghairi, amezubaa.

Ila anasema maziwa ya watoto yasiguswe tena. Hatakubali kuombwa na ndama. Ukimwomba kwa mdomo wako, wewe umesimama hapo na yeye amekaa hapo, jibu analo, na ameniandikia ni jibu gani, na mimi nimeshamwambia Lekhotla atafute nauli ya treni. Farasi hatakuja, nimekataa.

Nilikuwa nimemtaka wa mlango wa pili. Huyu yuko mbali mno. Lakini mwanamke anayekuvuta majini kwa ukosi na asiache kengele izame, huyo nitamwelewa.

Kwa hiyo ukifika mstari huu weka barua chini. Usivae tai. Nenda zizini. Neno "chaki" likikujia, limeze.

Halafu mje Krismasi, si baada ya miaka sita, Krismasi hii. Yeye atalala kwangu, wewe kwa Lekhotla na farasi wake. Yeye alete maziwa yake ya mgando nione hayo maneno yote yalikuwa ya nini. Wewe jioni ya kwanza, kabla hujavua viatu, nenda kwa Khunoana umfunge ndama mwenyewe, ukaze waya kwa koleo, nami nitakuja kuuvuta. Mwaka huu nimekunywa chai ya rangi vya kutosha.

Bibi yako